Siku Niliyomwacha Noelene Pale Caiguna

Akina mama wa ukumbi wa mji wetu, Orroroo, wameniomba niandike karatasi moja juu ya Noelene, itundikwe karibu na picha yake. Walitaka habari za keki zake na bustani yake. Hayo wanayajua wenyewe, keki wamezila. Mimi nitaandika siku moja tu, ambayo wao hawakuiona.

Alikufa mwezi wa nane. Tulikaa pamoja miaka hamsini na minne.

Baba yake alikuwa mtu wa reli kule Peterborough. Noelene mwenyewe tangu ana miaka kumi na sita alifanya kazi ya simu, enzi zile ukitaka kumpigia mtu lazima upitie kwa binti wa kuunganisha. Wilaya nzima ilipita masikioni mwake. Aliyapenda maneno. Mimi shule niliiacha nina miaka kumi na moja, nikaenda kujenga uzio. Kazi ya uzio ni nguzo, waya, nguzo, waya. Jioni ukirudi nyumbani huna jipya la kusimulia.

Mwaka 2008 nilistaafu. Noelene akataka tuvuke nchi, aione bahari ya upande wa magharibi. Tukanunua karavani, nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na gari, nyeupe, imeshatumika, akaitia mapazia ya maua.

Safari ilianza vibaya, kisha ikazidi. Pale Kimba nilirudi kinyumenyume nikang'oa kamba ya nguo, na nguo zikiwa juu yake, tukasafiri na suruali za watu kilomita tisa. Pale Ceduna upepo ulichukua turubai letu, ukaenda kulifunika gari la padri mmoja mzee. Alikuwa ndani akisinzia. Alipoamka kwenye giza lile mchana kweupe akadhani ndiyo kiama, akaanza kuungama kwa sauti. Noelene alisimama pale akasikiliza mpaka mwisho ndipo akatoa turubai.

Halafu mteremko wa Eucla. Tulikuwa tunashuka taratibu.

"Alby," akasema Noelene, "ile nyumba inayotupita si yetu?"

Nikatazama kulia. Karavani yetu ilikuwa inatupita, mapazia yanapepea.

"Eh," nikasema.

Iliacha barabara, ikaingia vichakani, ikasimama. Ndani hakikuvunjika hata kikombe. Mimi niliona jambo limeisha vizuri. Noelene hakuona hivyo.

"Miaka arobaini na miwili!" akasema. "Nyumba inatoroka, wewe unasema eh. Mama yako kafa, eh. Mimi napasuliwa nyonga, eh. Nimeolewa na nguzo ya uzio mimi!"

Nikaifunga tena karavani, safari hii na mnyororo.

Kesho yake asubuhi, tukiwa Cocklebiddy, alinimiminia chai akakaa mbele yangu. Hasira zilikuwa zimekwisha. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Tukifika Norseman napanda basi la Perth," akasema. "Nakwenda kwa dada yangu Verna. Sio kwa wiki mbili, Alby. Nakwenda kukaa."

"Na mimi?"

"Wewe una karavani."

Kutoka pale hadi Norseman ni kilomita mia nne na kitu. Tulikuwa na redio mbili za upepo, ndogo za mkononi, za kuelekezana tunapoegesha. Moja akaniwekea kwenye kiti cha mbele, nyingine akaichukua.

"Mimi nakwenda kulala nyuma," akasema. "Ukiwa na la kusema, sema humo. Mia nne zote ni zako. Jaribu."

Polisi hawaruhusu mtu kukaa kwenye karavani inayokokotwa. Sikumwambia. Pengine ningemwambia, angalau yangekuwa maneno.

Pale Caiguna nilisimama kujaza mafuta. Nikaingia ndani kulipa, nikarudi. Mapazia ya karavani yalikuwa yamefungwa. Nikaondoka.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Noelene alishashuka upande wa pili na taulo lake, kwenda kuoga. Alitoka bafuni na malapa miguuni, taulo jekundu kichwani, akaniona naingia barabarani. Akavua taulo akalipunga. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Kwa umbali ule, kwa macho yangu, nikaona mama fulani mwenye adabu anatuaga. Sisi njia ile tunasalimiana kwa kuinua kidole kimoja bila kuachia usukani. Nikamwinulia kidole.

Baadaye aliniambia kuachwa si kitu, kidole ndicho kilimuuma.

Mbele ya Caiguna barabara inanyooka kilomita mia moja na arobaini na sita. Haina kona. Kwa hiyo sikuwa na sababu ya kugeuza shingo. Nilikwenda themanini kwa saa, nikitafuta maneno. Nilitafuta kilomita kumi, ishirini, hamsini. Kangaruu mmoja aliyekuwa amekaa kando ya njia alinitazama vile alivyokuwa akinitazama Noelene. Kwenye kilomita ya sabini nikachukua redio nikabonyeza.

"Noelene. Ni mimi."

Kimya. Nikaona ni haki yake.

"Nimefikiri. Nyumba ilipotupita niliogopa. Nikiogopa ndiyo husema eh."

Kimya.

"Keki ya tangawizi siipendi. Nimeila tangu tuoane. Lakini usiache kuipika, nimeshaizoea."

Kimya.

"Lile gauni la kijani, la harusi ya jirani yetu Colin. Uliniuliza likoje. Lilikuwa zuri. Nilitaka kukwambia, wakaanza hotuba."

Bado kimya. Nikaendesha kidogo. Kulikuwa na jambo moja lililobaki na nililijua.

"Halafu yule mtoto. Mwaka wa sabini na moja. Uliporudi kutoka hospitali mikono mitupu, mimi nilikwenda kujenga uzio kule Hawker wiki tatu. Hukuniuliza kitu, na mimi sikusema. Ule uzio niliujenga vibaya, Noelene. Nguzo zote zilipinda. Mwenye shamba aliniita niufanye upya. Sikuwa naona vizuri siku zile. Ndiyo hivyo."

Nikaachia kitufe. Redio ikakohoa.

"Mzee," ikasema sauti nene. "Samahani sana. Uko chaneli ya arobaini."

Mimi namba za redio sizijui, alikuwa akiziweka Noelene. Arobaini ni chaneli ya malori. Aliziweka zote mbili huko tangu asubuhi ya juzi, tusikie kama kuna lori lenye mzigo mpana linakuja.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Naitwa Kadogo. Niko na lori nyuma yako, kilomita kama kumi na tano."

"Nazungumza na mke wangu."

"Tumesikia."

"Ninyi nani mliosikia?"

"Mimi nimesikia," ikasema sauti nyingine, ya mwanamke.

"Na mimi," akasema mtu wa tatu, mwanamume, akipenga kamasi. "Naelekea mashariki. Nimesimama pembeni, barabara siioni."

"Mzee," akasema Kadogo, "hebu simama uchungulie karavani yako."

Nikasimama. Mlango wa karavani haukuwa umefungwa sawasawa. Kitandani palikuwa na blanketi, mto, na juu ya mto redio ya Noelene. Yeye hayupo.

Nikatazama tulikotoka. Barabara imenyooka mpaka inapotea, vichaka huku na huku, na kila kichaka nikaona ni yeye amelala. Nikakimbia mbele nikashika redio.

"Ameanguka! Noelene ameanguka njiani! Nimemwangusha!"

"Hajaanguka, mzee! Tulia! Ulimwacha Caiguna, alikuwa bafuni. Yuko humu kwangu, anakula mkate wangu. Ndio ulikuwa wa mwisho."

Nikakaa chini barabarani.

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Ana taulo kichwani. Anasema ulimwinulia kidole."

"Ameyasikia niliyosema?"

"Yote. Kwenye keki alicheka. Baada ya hapo hajacheka."

"Mpe redio aseme kitu."

"Hataki. Anasema yeye ameshasema miaka arobaini na miwili, sasa zamu yako."

"Msamehe bwana, mama!" akasema yule wa kamasi.

"Usimsamehe haraka," akasema yule mwanamke. "Mwache aive kwanza."

"Trish, wewe umeachwa mara mbili, unamfundisha nani?"

"Nimeacha mara mbili. Safisha masikio."

"Nyamazeni nyote!" akasema Kadogo. "Mama ana swali. Mzee, anauliza, yule mtoto ulimpa jina?"

Nilibonyeza kitufe muda mrefu kabla ya kusema.

"Nilimpa."

"Anauliza, nani?"

"Hilo nitamwambia yeye. Si kwenye redio."

Nilimsikia yule wa kamasi akipenga tena.

"Sawa, mzee," akasema Kadogo mwishoni. "Nimemwambia nikikufikia naweza kusimama, au naweza kupita mpaka Norseman kwenye basi. Amesema ataniambia."

Lori lile nililiona dakika tano nzima kabla halijafika. Kwanza likawa nukta inayoelea juu ya joto, kisha mbili, kisha likawa lori. Nilisimama kando ya njia. Nilivua kofia, nikaivaa, nikaivua. Lilikuwa na matela mawili, limebeba vyoo vya kauri vya nyumba mpya za Perth, vyeupe, safu juu ya safu, vimefungwa kwa kamba. Halikupunguza mwendo. Likanipita. Noelene alikuwa juu dirishani, taulo kichwani, anatazama mbele. Vyoo vyote vikanipita kimoja kimoja, na upepo wake ukachukua kofia.

Nilisema moyoni, basi, amekwenda.

Halafu breki zikapiga kelele. Lori la namna ile halisimami kama baiskeli. Lilisimama kilomita moja mbele yangu.

"Mzee," ikasema redio, "ameniambia nisimame tukiwa tumeshakupita. Mkeo haamui mapema."

Nilikwenda nusu nikikimbia, nusu nikitembea, nina miaka sitini na sita. Noelene alikuwa ameshashuka. Hakunifuata hata hatua moja. Kadogo naye alishuka, mtu wa kilo mia na sitini si chini, akanipa mkono, akazunguka upande wa pili wa lori kukagua matairi. Lina matairi mengi. Aliyakagua yote.

Nilimwambia Noelene lile jina. Hapa silitaji.

Sikuwahi kumwona amekaa kimya muda mrefu namna ile. Nzi walimtua usoni asiwafukuze. Akanishika mkono wa shati, si mkono wenyewe, ule wa shati, akauvuta mara moja.

"Nipe funguo," akasema.

"Hujawahi kuendesha na karavani nyuma."

"Na wewe hujawahi kuzungumza."

Nikampa. Kadogo alipiga honi mpaka akapotea, na njia nzima hadi Norseman kila dereva wa lori tuliyekutana naye aliinua mkono mzima. Noelene aliwajibu kama malkia. Mimi nilikuwa nimejizamisha kwenye kiti kwa aibu.

"Sijasema sitapanda basi," aliniambia. "Usijidanganye."

"Sijasema kitu."

"Najua. Ndiyo nakwambia."

Basi lilikuwepo Norseman, mlango wazi, dereva anapakia mizigo. Noelene aliegesha karavani akaziba nafasi ya magari manne. Akachukua mkoba.

"Kaa hapa. Nampigia Verna nimwambie nafika lini."

Akaingia kwenye kibanda cha simu. Nilimtazama kupitia kioo cha gari. Alipiga namba, akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Akaufunga. Akaegemea ukuta. Abiria wa mwisho akapanda. Dereva wa basi akawasha injini, akamtazama Noelene, akamwonyesha saa. Noelene akamwinulia kiganja, subiri, huku simu iko sikioni, mdomo umefungwa. Dereva akasubiri kidogo. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi.

Akaiweka simu chini. Akatoka. Akapita mbele ya basi, mbele ya mlango wake, hakugeuka. Akarudi, akaingia garini, akafunga mkanda.

"Verna anasemaje?" nikauliza.

"Anasema," akajibu. "Anasema, anasema, anasema. Dakika ishirini kasoro, sijapata nafasi ya kusema hata jina langu. Magoti yake, jirani yake, paka wa jirani." Akatia gia. "Nimekumbuka kwa nini niliolewa na wewe."

"Na basi?"

"Basi gani?"

Pale Norseman kulia ni Perth. Alipinda kushoto, kuelekea baharini, akapanda juu ya ukingo wa njia na tairi moja la karavani.