Kopo Chini ya Difu

Juzi niliona tone la oili chini ya gari langu, na badala ya kukasirika nikainama kulinusa. Harufu ile ikanirudisha Kibiti, mchana ule fundi Saidi alipolala chini ya pikapu ya baba.

Pikapu ile ilivuja tangu nipate akili. Kila ikiegeshwa, mama aliweka kopo chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, na likijaa tulipaka oili ile kwenye nguzo za nyumba ili mchwa wasizile. Mimi nilidhani magari hutoa oili kama minazi inavyotoa tembo.

Siku hizo vipuri vilikuwa vimeanza kuonekana madukani, na baba alirudi toka Dar na sili mpya, pete ya mpira nyeusi inayozuia oili. Fundi aling'oa ile kuukuu, iliyokauka na kupasukapasuka, akaigongea mpya taratibu kwa nyundo, huku akiimba puani.

"Sasa halivuji hata tone," akamwambia baba.

Nikaangua kilio. "Nyumba yetu italiwa!"

Baba alicheka mpaka akakaa mchangani. Mama hakucheka. Alilitazama kopo, akazitazama nguzo. "Baba Zena," akasema, "hebu fikiri, mtoto kasema nini cha kuchekesha?"

Baba akainuka, akajikung'uta mchanga.

Fundi wangu wa mjini ananihimiza nibadilishe sili. Nitabadilisha. Ila kwanza nimetega kopo, maana Ijumaa nakwenda kwa mama, na nguzo zake bado zimesimama.