Kofia Iliyotundikwa

Usiku huo mvua ilikuwa imehamia juu ya bati kama mgeni asiyejua kuaga, na Mama Macho alikaa mlangoni akisikiliza nyayo. Binti yake, kitinda mimba, hakuwa amerudi kutoka kazini. Simu ya binti ilikuwa mezani inachajiwa. Kila ilipowaka mama alishtuka, kumbe ni mashoga zake tu wakiulizana ya vijana.

Mama na binti walifanya kazi pamoja katika bustani ya mtoni, katikati ya mji. Watu huja pale kukimbia asubuhi, kusukuma vigari vya watoto, kujinyoosha kwenye majani. Ng'ambo ya daraja la mbao, ambako nyasi hazifyekwi, wanaishi kenge, fisi maji na ndege wasio na idadi. Binti aliwatembeza wanafunzi upande huo, hadi kibanda cha kutazamia ndege. Mama alifagia njia. Shule aliiacha darasa la nne, lakini macho hakuyaacha popote: mtoto hakuweza kusogelea maji bila kuitwa kutoka mbali na kuulizwa kama mama yake anajua yuko wapi. Ndipo akapata jina. Wafagiaji wenzake walimtania kwamba hata bata humwomba ruhusa kabla ya kuogelea.

Geti la bustani hufungwa jua linapozama. Kila mfanyakazi ana kofia ya kijani na msumari wake kwenye ukuta wa stoo, akitoka, huitundika. Mlinzi wa geti haiti majina. Hutazama misumari, ikijaa, anafunga.

Jioni ile, mawingu yakiwa yameshuka, mama aliikuta kofia ya binti yake kwenye benchi karibu na daraja. Alisonya. Mtoto huyu kila kitu huacha ovyo, hata nyumbani viatu vyake hulala sebuleni. Akaiokota, akaipangusa, akaitundika kwenye msumari wake, akakimbilia nyumbani kabla ya mvua. Alijua, au alidhani anajua, kwamba binti ametangulia.

Nyumbani hakumkuta. Alipika, akafunika chakula, akaanza kupanga viatu vya sebuleni. Ameshika kimoja, ndipo alipoikumbuka ile kofia: aliyeitundika ni yeye, si binti.

Alimpigia mlinzi. Mlinzi akamtuliza: misumari yote ilijaa, aliiona kwa macho yake, asihofu, labda msichana kapitia kwa shoga yake. Mama alitaka kumwambia habari ya kofia, asiweze. Akashukuru, akakata. Baadaye mlinzi, aliyemuulizia binti kila mahali akamkosa na kurudi bustanini, alipiga mwenyewe, na sauti ilikuwa nyingine. Mto umepanda, daraja halionekani, na waokoaji hawawezi kuingiza boti gizani kwa sababu ya magogo. Wasubiri kuche.

Kulipopambazuka alikuwa getini, tope hadi magotini. Mlinzi alisimama chini ya mwavuli uliovunjika, akijieleza kwa msimamizi wa bustani, na msimamizi hakutaka kuelewa. Mtu anayefunga geti huku mwenzake yuko ndani, alisema, hapewi geti tena.

"Usimwonee," Mama Macho alisema. "Kofia niliitundika mimi."

Mlinzi akageuka. "Wewe, dada?"

"Niliikuta kwenye benchi. Nikaona ni uchafu, nikasafisha."

Mlinzi angeweza kumtukana na hakuna ambaye angemlaumu. Alimsogezea mwavuli tu.

"Twende kwenye boti," alisema. "Hayo mengine yatangoja."

Mwokoaji alikataa kumpakia, kisha akamtazama usoni, akamrushia jaketi la kuelea. Maji yalikuwa na rangi ya chai. Mabenchi yalionyesha migongo tu. Juu ya paa la choo alilala kenge mkubwa, akiwatazama kama mwenye nyumba anayesubiri kodi, na siku nyingine mama angecheka. Mbele, kibanda cha kutazamia ndege kilisimama kwenye nguzo zake, maji yakiramba kizingiti. Mlango ulikuwa umefungwa.

Mwokoaji aligonga kwa kasia. Kimya. Mama akaita lile jina la utotoni, ambalo binti alimkataza kulitumia mbele za watu. Kimya. Mwokoaji akashika kitasa, akavuta. Mbao zilikuwa zimevimba, hazikusogea.

Halafu kitu kikagonga ubao kutoka ndani, polepole, chini kabisa.

Mama alishuka kwenye maji kabla hajazuiwa, akaingiza vidole kwenye ufa wa mlango.

"Sukuma, mwanangu," alisema. "Sukuma, nami navuta."

Mlango ulilia, ukagoma. Kisha ukafunguka kiasi cha kupita mkono, na mkono ukatoka.