Tao la Nisefora

Nisefora alikuwa akingojea zamu yake tangu alipoolewa. Kijijini kwao, juu katika milima ya Oaxaca ambako ukungu hauondoki mpaka jua limechoka kuubembeleza, kila mwaka nyumba moja hupewa zamu ya kusimamisha tao kwenye chemchemi kwa ajili ya sikukuu ya Msalaba, mwezi wa Mei, watu wanapoomba mvua. Nyumba ni nyingi. Zamu ikishakupita, ndiyo basi.

Tao hufungwa kati ya mialoni miwili iliyo juu ya maji, likajazwa kuvumwani, ule ukoga laini wa kijani wa magomeni, na yale majani magumu yanayoota juu ya miti, yamekaa kama vichwa vya mananasi. Hukaa hapo mwaka mzima. Siku ya sikukuu kiongozi wa sala huuliza mbele ya kijiji kizima tao ni la nani, na mama mwenye zamu hujibu. Jibu hilo Nisefora alikuwa akilifanyia mazoezi jikoni, huku akisaga mahindi, akidhani hakuna anayemsikia.

Mwaka uliotangulia zamu ilikuwa ya wifi yake Otilia, dada wa mumewe, mwanamke ambaye akipika maharagwe huyasifia mpaka kwa wasioalikwa. Tao lake lilitoka zuri kweli, na hakumpa mtu nafasi ya kulisahau.

Siku chache kabla ya sikukuu Nisefora alipanda ngazi na panga alishushe tao la Otilia, asimamishe lake. Kabla hajakata kamba ya kwanza, vikunguru vya buluu vikamshukia, vile vidogo vyenye weusi machoni, vikampigia kelele utosini. Akafunua kuvumwani. Ndani palikuwa na kiota, na makinda yasiyo na hata unyoya yalimfumbulia midomo, yakidhani ameleta chakula.

Alishuka bila kukata kitu. Mumewe, Abundio, akamshauri wakihamishie kiota kwenye mti mwingine, lakini hata yeye mwenyewe alijua, kama watu wote wa msitu ule wajuavyo, kwamba wazazi wasingerudi. Na mialoni ya kufungia tao ni hiyo miwili tu. Majani aliyokwisha kukusanya, Nisefora akayapanga nyuma ya nyumba, kivulini.

Otilia alipopata habari hakulala nayo. Alikuja mpaka uani.

"Pole, wifi. Mimi nilijenga tao, ndege wakaona nyumba. La kwako lingekaliwa na nani, siafu?"

Nisefora akaendelea kusaga. Wengine walisema ni uvivu, wengine wakasema ni ubahili umejificha nyuma ya ndege. Hilo la ubahili lilimuuma zaidi, maana mbuzi wa karamu ya mwenye zamu alikwisha kumnunua.

Sikukuu ikafika. Watu walipiga magoti chini ya tao kuukuu, vikunguru vikipita juu ya vichwa vyao na wadudu midomoni. Mzee Eleuterio, kiongozi wa sala, akauliza kama ilivyo desturi.

"Tao hili ni la nani?"

Nisefora angeweza kusema ni langu. Zamu ilikuwa yake, na hakuna ambaye angembishia. Otilia mwenyewe alikuwa ameinamisha uso.

"La wifi yangu Otilia," akasema. Alirudi nyumbani akalia waziwazi, akiwagawia watu nyama.

Tangu siku ile Otilia hakuja tena uani. Nisefora alidhani amesusa. Kila asubuhi aliyamwagilia majani yake nyuma ya nyumba, asijue ya nini, ila kuyatupa hakuweza.

Mvua zilipokuwa zimeshika, Otilia akaja na panga na ngazi begani, amelowa mpaka sketi.

"Wamekwisha kuruka," akasema. "Nimekuwa nikienda kuwachungulia kila siku. Twende."

Wakalishusha tao la Otilia wawili tu, wakasimamisha la Nisefora. Hapakuwa na fataki wala tarumbeta wala mtu wa kuangalia, matope tu mpaka vifundoni. Lilikuwa jembamba kidogo upande mmoja. Otilia alilitazama, mdomo ukamcheza, lakini aliloliwaza akalimeza. Kisha akavua shali kichwani, akapiga magoti kwenye matope, akauliza kwa sauti ya sala:

"Tao hili ni la nani?"

Jibu alilolifanyia mazoezi miaka yote ile lilichelewa kumtoka.

"Langu, wifi," akasema Nisefora. "Ni langu."