Mahindi ya Devota

Siku yangu ya kwanza kazini, Biharamulo, Afisa Kilimo wa Wilaya alinikabidhi jembe kabla ya kalamu. "Bwana shamba asiyechimba ni karani," akasema. Nilicheka. Baadaye nikahamishiwa Ngara, wakati wakimbizi wamejaa kambi ya Benaco, miti imeishia kwenye kuni na mashamba ya jirani yamechoka.

Vijana, udongo uliochoka ni ule uliopungukiwa naitrojeni, chakula kinachoyapa majani ukijani. Mvua huishusha chini. Mmea wa mahindi wenye mizizi mingi ya juujuu hushinda na njaa. Wenye mizizi michache inayozama huifuata naitrojeni hukohuko chini. Na tabia hiyo mmea huirithi, kama mtoto anavyorithi pua ya baba yake.

Pale Kasulo tulikuwa wawili: mimi, na bibi shamba mgeni, Devota, binti wa familia iliyotoka Burundi zamani. Mtafiti Mkuu wa mbegu alitupa shamba moja la mahindi mchanganyiko, lisilotiwa mbolea, kila mtu achague mimea ya kuchukulia mbegu. Ambaye mbegu zake zingestawi msimu wa pili, angepelekwa kusomea uzalishaji wa mbegu. Nafasi moja tu! Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kuoa.

Mimi nikachagua mahindi ya kando ya njia, yaliyonenepa, majani yamekolea kijani. Devota alichimba ubavuni mwa kila mmea, akachungulia mizizi, akafukia. Mtafiti Mkuu akasimama kumtazama yeye. Kwangu hakufika.

"Shikamoo, kaka," Devota akanisalimu, tope hadi viwikoni. "Njoo uone huu ulivyozama."

"Marahaba. Kwani tunavuna mihogo?"

Akacheka. Hata kicheko chake kiliniudhi.

Msimu wa pili tulizipanda mbegu zetu Kirushya, kwenye udongo uliochoka vilevile. Mahindi yake yalisimama imara. Yangu, lo! Yakadumaa, njano tupu. Mtafiti Mkuu akanirudisha Kasulo, kwenye ile njia. Mchungaji mmoja alikuwa akipitisha mbuzi wa kambini, nao wakidondosha samadi kandokando ya shamba, kama walivyozoea.

"Bwana Shamba, wewe hukuchagua mbegu," Mtafiti Mkuu akasema. "Ulichagua mavi ya mbuzi. Samadi hairithiwi."

Devota akaenda kusoma. Alirudi akiwa mkubwa wangu, na bado akaniamkia shikamoo vilevile. Afadhali angeringa, nikapata la kusema.

Wanasema mtu akistaafu moyo hupoa. Labda wa kwao. Huku kwetu mbegu ile watu huiita Devota, na katika shamba langu hakuna nyingine inayokubali. Kila mavuno mke wangu hupaza sauti, majirani wote wasikie:

"Mzee, njoo uone Devota alivyotuzalia!"

Nami nachukua kikapu, naenda.