Makabidhiano ya Kituo cha Chini

Mjomba wangu alilinda kituo cha treni ambapo treni haikuwahi kufika. Nalisema hili moja kwa moja kwa sababu nikilizungusha watu hudhani napiga chuku. Kilikuwa chini ya ardhi, nje kidogo ya mji wa Morogoro, pale migomba inapoanza kupanda mlima. Wajerumani walikichimba wakati wa vita vya kwanza vya dunia ili wafiche mabehewa, na kabla behewa la kwanza halijaingia wakafukuzwa, wakakimbilia kusini. Waingereza wakakikuta, wakakishangaa, wakakitia kufuli. Miaka ikapita, ufunguo wakampa mjomba, kijana wa reli wakati huo, wakamwambia akae hapo mpaka aje mtu wa kumpokea.

Hakuja mtu. Mwingereza akaondoka, Uhuru ukaja, mshahara ukaacha kuja, mjomba hakuacha kwenda. Kila asubuhi alivaa kofia yake ya reli, akachukua bendera mbili, nyekundu na ya kijani, akashuka kazini. Saa kumi alirudi akisema amechoka. Mama yangu, dada yake, alimpa uji bila kumuuliza amechoshwa na nini.

Mimi nilikuwa karani mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale mjini, na hasira zangu zilikuwa za karibu. Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa, mwenyekiti wa tawi letu alinijia ofisini, mtu mnene, mpole kuliko cheo chake.

"Binti, mjomba wako ametia ngumu," aliniambia. "Wenzake wote wamekubali kupanda lori Jumamosi. Yeye anasema hawezi kuacha kazi bila makabidhiano. Mimi nina amri. Ikifika saa sita mchana hajapanda, tunaezua nyumba, naye tunambeba." Akajifuta uso. "Sitaki kumbeba mzee wa watu mbele ya wajukuu zake."

Nilimjibu vibaya, kisha nikajuta, maana kosa halikuwa lake. Lakini kumwona mjomba amebebwa juu juu kama mkungu wa ndizi, kofia imeanguka na watu wanaikanyaga, nisingelivumilia. Jumamosi asubuhi nikachukua karatasi, kaboni na muhuri wa ofisini, nikaenda kwake.

"Shikamoo mjomba. Nimekuja kukupokea kituo."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Na ofisi."

Nikamwonyesha muhuri. Ulikuwa wa kupokelea mbegu za mahindi, ila ulikuwa na neno IMEPOKELEWA, na mjomba alilifuata kwa kidole mara mbili. Akatosheka.

"Lakini huwezi kupokea usichokiona," alisema. "Twende ukakague."

Mlango ulikuwa wa chuma, umezikwa nusu na majani ya migomba. Mjomba alifungua, akawasha kandili, akanizuia kizingitini. Kumbe hakuna kuingia bila tiketi. Alipita ndani, akasimama nyuma ya kijidirisha, akanikatia kipande cha gazeti, kisha akazunguka, akasimama mlangoni, akaidai tiketi ileile aliyonipa yeye mwenyewe. Nilimpa. Saa ilikuwa imeshafika tatu na mimi bado nasafirishwa na kichaa cha ukoo wetu.

Ngazi zilikuwa ishirini na kitu, zinanuka mavi ya popo. Chini kulikuwa na jukwaa refu la mawe, limefagiliwa safi kuliko ofisi yetu, na pembeni yake reli moja iliyotoka gizani na kuishia ukutani. Nilisogea kuichungulia.

"Rudi nyuma," mjomba alinikemea. "Treni ikija?"

"Treni gani, mjomba, na reli imeziba huku na huku?"

"Hilo si swali la abiria."

Nikapiga magoti nikaanza kuandika orodha, kila kitu na hali yake. Saa ya ukutani moja, haina mishale: mbovu. Kengele moja, haina ulimi: mbovu. Ubao wa Kijerumani mmoja, umeliwa na mchwa: mbovu. Benchi moja: bovu. Mjomba hakupinga hata moja. Alikuwa anasimama wima kando ya kila kitu wakati nakiandika, kama anayepigwa picha nacho.

Tulipofika kitu cha tisa, mwenyekiti akashuka ngazi akihema. "Mzee, lori limewasha moto. Muda unakwisha."

Mjomba hakugeuka. Aliinua bendera nyekundu. "Ndugu Mwenyekiti, kaa pale benchi, subiri zamu yako."

Na mwenyekiti, aliyekuja na amri na watu wawili wa kuezua, alivua kofia, akakaa. Nimemfikiria sana mtu yule. Nadhani mtu akiambiwa na mwenye kofia akae kwenye benchi la kituo, miguu yake inatii kabla ya kichwa.

"Kimebaki kimoja," mjomba aliniambia, na sauti yake ikashuka. Akanipeleka nyuma ya dirisha la tiketi, akaisogeza kandili karibu na ukuta. Palikuwa na alama ya mkono kwenye saruji, wa kushoto, uliobonyezwa ilipokuwa bado mbichi. Kidole cha kati hakikuwepo.

Nilijua ni wa nani. Babu, baba yao mjomba na mama, alikatwa kidole hicho na jiwe alipokuwa kibarua wa Mjerumani. Mama alituhadithia mara nyingi. Hakutuambia ni jiwe la wapi.

Kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Babu alipofariki, wapwa zake walikuja, wakachukua jembe, wakachukua mundu, mmoja akachukua hata jina. Mjomba, mtoto wa kumzaa, alikaa ukumbini akiwatazama. Hakuonewa, ndiyo desturi. Ila alitoka mikono mitupu, na baadaye akapewa ufunguo wa mahali hapa, akaukuta mkono huu.

"Mzungu alidhani namlindia kituo," alisema.

Machozi yalinitoka na karatasi ikalowa. Nikamuuliza niandikeje.

"Andika mkono, mmoja."

"Na hali yake?"

Aliweka kiganja chake juu yake. "Andika mzima."

Nikaandika mzima. Nikagonga muhuri nakala zote tatu, moja yake, moja yangu, moja ya ofisi isiyokuwepo. Kwa desturi ileile iliyomnyima vya baba yake, vyake vilikuwa vije kwangu, mtoto wa dada yake, kwa hiyo siwezi kusema nilimdanganya. Alinipa ufunguo, bendera na kofia. Akapanda lori kwa miguu yake saa tano na nusu, kichwa wazi, na mwenyekiti akamshika mkono kumpandisha.

Kule kijijini hakumaliza mwaka. Kila nilipokwenda kumsalimu aliniuliza habari ya ule mkono, "Umempangusa?" Nikamjibu nimempangusa, na mara mbili ilikuwa uongo. Nilipotoka kumzika ndipo nilipoanza kwenda kila Jumamosi.

Siku moja nikakuta bwana mdogo amevaa kaunda suti pale mlangoni, ana vibarua na mifuko ya saruji. Shimo ni hatari, alisema, ameagizwa kuliziba. Akaninyooshea mkono. "Nipe ufunguo, dada."

"Umekuja na hati ya makabidhiano?"

Akacheka. Nikamuuliza tena. Akatazama karatasi zake, akazigeuza, akaacha kucheka.

Nilifungua mlango, nikamkatia tiketi, nikaipokea tiketi. Chini nikavaa kofia ya mjomba, nikamwonyesha benchi, nikamwambia asubiri zamu yake. Akakaa. Nami nikaenda nyuma ya dirisha kumpangusa babu.