Jogoo wa Bati wa Ukweni Ipyana

Nawasimulia huku naona aibu, maana mpaka leo nikifika Ipyana ukweni kwangu kuna watu wakiniona tu wanaziba mdomo wasicheke.

Mimi hukusanya midoli ya zamani ya bati, ile ya kutia ufunguo ikatembea yenyewe (ndiyo, mtu mzima mwenye duka la vitenge, chekeni tu). Sasa siku Ambakisye, mchumba wangu, aliponipeleka kwao kunitambulisha, nikaona juu ya kabati jogoo wa bati, rangi imebabuka, ufunguo bado ubavuni, nikasahau kabisa nimekuja kufanya nini. Nikaomba nimshike. Bibi yake Ambakisye akamleta mwenyewe.

"Taratibu, mwanangu, usimkaze sana."

Nikamtia ufunguo, akadonoa meza tik tik tik, watu wakafurahi, nami kwa kujifanya mjuzi nikasema huyu anaweza zaidi, nikaongeza kidogo, nikaongeza tena.

Traa! Bati likafumuka, springi ikaruka mpaka walipokaa wanaume, nami badala ya kutulia nikaikimbilia, kitenge kikabaki kwenye kiti (bahati nilivaa gauni ndani), nikajikuta nimepiga magoti miguuni pa baba mkwe mtarajiwa, na kwetu Wanyakyusa mkamwana hamsogelei baba mkwe hivyo. Mzee akainuka, akatoka nje.

Nikaona niokoe hali. "Bibi, nitakuletea mwingine, nyumbani ninao wengi."

Hapo ndipo nilipoharibu zaidi.

"Mwingine wa nani?" akauliza. "Huyu baba yangu alirudi naye kutoka machimboni Johanesbagi. Alikaa huko mpaka nikaisahau sura yake. Alipokuja nikamkimbia, nikajificha jikoni. Hakuniita. Alimtia jogoo ufunguo, akamwacha adonoe mlangoni, mpaka nikatoka mwenyewe."

Nilikuwa nimemgeuza yule jogoo huku na huku nikitafuta chapa ya kiwanda, wala sikuuliza aliingiaje nyumba ile. Bibi akaokota vipande, akavifunga kwenye pindo la kanga.

"Ndaga," akaniambia, akinipa pole, kana kwamba aliyevunjiwa ni mimi.

Ndoa ilifungwa, na baba mkwe alinisamehe. Jogoo hakupona, fundi saa wa Kyela mjini alishindwa kumtengeneza. Siku hizi nikikuta mdoli nyumbani kwa mtu, naweka mikono mgongoni, namwomba mwenyewe autie ufunguo, halafu namuuliza uliingiaje nyumbani mwake, nami namsikiliza.