Mashine ya Damu Iliyogoma Kila Siku Isipokuwa Jumapili

Mashine yetu ya kupima damu ilikuwa inajizima saa nne asubuhi. Kila siku. Isipokuwa Jumapili.

Sitanii. Nilikuwa na daftari: siku thelathini na moja, nimeandika saa, umeme na joto la chumba.

Naitwa Loveness, mtaalamu wa maabara katika kituo kimoja cha afya hapa Kilole, Korogwe.

"Hiyo mashine mpagani," alisema mzee Semboja, mganga mfawidhi wetu. "Siku ya ibada ndiyo inachapa kazi."

"Mzee, mashine haina dini. Ina sababu."

Tulicheka, lakini waranti ya mashine ilikuwa imebakiza siku tisa. Ikiisha kabla hatujajua tatizo, matengenezo yangekuwa juu yetu, na kituo hakikuwa na uwezo huo. Maabara ingefungwa.

Nikaipigia kampuni iliyotuuzia. Fundi wao, Dunstan, alikuwa na kazi Handeni. Kesho yake saa tatu akafika.

"Dada, tuelewane mapema," alisema akifungua begi. "Waranti inabeba kosa la kiwandani. Kama ni matumizi yenu, naandika hivyo hivyo."

"Andika ukweli," nikamjibu, nikamkabidhi daftari. Nilijiamini kupita kiasi.

Akasoma kurasa zote. "Unaandika vizuri kuliko sisi."

Kisha akainua macho.

Mama Filomena, mfanya usafi wetu, alikuwa amemaliza kupiga deki. Akakung'uta kitambaa chake cheupe cha kufuma, akaifunika mashine vizuri mpaka nyuma, kama televisheni ya sebuleni.

"Hicho ni nini?" Dunstan akaniuliza.

"Kitambaa."

"Kinakaa hapo kila siku?"

"Jumapili naenda nacho nyumbani kukifua," mama Filomena akajibu kwa fahari. "Kitu cha thamani hivi kikae uchi, mwanangu? Wageni watatuonaje?"

Nikazunguka nyuma ya mashine. Nyuma ndiko feni inakotolea joto. Mimi nilikuwa nakikunja mbele tu nipate kuweka sampuli, na nilishakisifia mara mbili. Kwetu redio inafunikwa, friji inafunikwa, kochi linafunikwa. Sikuona cha kuandika.

Dunstan akatoa fomu. "Nikiandika kitambaa, kwa tatizo hili waranti haiwahusu; kilichoungua mtalipa wenyewe. Nikiandika sababu haijulikani..."

Akaniachia nimalizie mwenyewe. Mlangoni mzee Semboja akakohoa, kikohozi kisicho cha ugonjwa.

"Andika kitambaa," nikasema.

Akaandika. Kisha akaifungua mashine aone kama joto limeunguza kitu. Halikuunguza, mashine ilikuwa inajizima ili ijilinde. Lakini akaguna.

"Njoo uone. Pampu ina ufa. Huu ni wa kiwandani, hauhusiani na joto. Miezi miwili mbele ingekufa, nanyi waranti hamna."

Pampu mpya ilifungwa siku ya sita kati ya zile tisa. Bure.

Nilipotaka kumweleza mama Filomena habari za joto na feni, hakunipa nafasi.

"Kwa hiyo bila kitambaa changu fundi asingekuja?"

"Asingekuja, mama."

"Basi soda yangu iwe ya baridi."

Kwa ushahidi uliopo, hoja yake sikuweza kuipinga. Nikaenda kununua.

Ndugu msomaji, unapotafuta chanzo cha tatizo, anza na kile ulichokizoea mpaka unakisifia. Na waranti isome ikiwa hai. Ikishaisha, ni karatasi ya kufungia karanga.